Mchanga Uliokuwa Chini ya Bwawa Letu

Upande wa magharibi wa milima ya Uluguru mvua ni bahili. Mawingu yanayotoka pwani huyamwaga maji yao upande wa pili, na yakishavuka vilele kinachotufikia sisi ni ukungu na ubaridi. Kwa hiyo sisi tuliokaa kwenye kiuno cha mlima, tukiitazama mbuga ya Mkata chini yetu, tuliishi kwa bwawa moja. Halikuwa kubwa. Mtu mwenye mkono mzuri angeweza kurusha jiwe likavuka. Lakini kiangazi, vijito vyote vilipobaki mawe matupu, wanawake wa kwetu waliendelea kuteka, na migomba na magimbi ya ukingoni yaliendelea kuwa mabichi. Bila bwawa lile pasingekaa mtu pale baada ya mavuno. Jambo hilo kila mtu alilijua, hata watoto.

Bwawa lilikuwa la ukoo wa mama yangu. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Ardhi, makaburi na maji hupita kwenye titi, si kwenye ndevu. Mwangalizi wa bwawa alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama wa tumbo moja, na baada yake ilijulikana kuwa ningefuata mimi. Sheria ya maji yale ilikuwa moja kubwa: chuma kisiingie. Jembe, panga na sufuria viliachwa njiani. Watu waliteka kwa kata za kibuyu. Mara moja kwa mwaka, kabla ya vuli, ukoo mzima uliingia miguu mitupu kung'oa magugu kwa mikono, na mjomba akisimama ukingoni akirudia, "Msikwaruze chini. Ng'oeni, msikwaruze." Nilimuuliza kwa nini. Akasema mjomba wake alimwambia hivyo.

Mimi sikuwa mtu wa kuridhika na jibu la namna ile. Nilikuwa nimepelekwa shule ya serikali ya Wajerumani huko pwani, nikafika madarasa ya juu, ambayo kwa wakati ule ndiyo yaliyokuwa sekondari yetu. Nilijua hesabu, ramani, na Kijerumani cha kutosha kumfanya mzungu asirudie neno. Niliporudi nikaajiriwa ukalimani katika boma la Morogoro. Kwa mjomba nilipanda siku za mapumziko, nikiwa na viatu.

Reli ilikuwa imeshafika Morogoro, na wajenzi walikuwa wanaendelea nayo kuelekea Kilosa, aliposhuka kwenye treni Mjerumani mmoja mwenye masanduku mengi kuliko nguo. Hakutafuta dhahabu wala shamba. Alitaka kujua nchi hii ilikuwaje zamani, kabla ya kumbukumbu za watu: ilikuwa na maji au ilikuwa kavu, ilikuwa msitu au jangwa. Bomani walimcheka kidogo, kisha wakaniazima kwake niwe mkalimani.

Nikieleza jinsi mtu yule alivyoniteka, itanibidi nianze na shimo moja kule Mkata. Wajenzi wa reli walikuwa wamechimba udongo wa kuinulia tuta, na ukuta wa shimo ulikuwa umebaki wazi. Yule bwana alishuka akachota mchanga kidogo chini kabisa, akaweka kwenye karatasi. Kwenye karatasi nyingine alikuwa na mchanga wa mto Ngerengere. Akanipa kioo chake cha kukuzia.

"Tazama, uniambie tofauti," alisema.

Mchanga wa mto ulikuwa na pembe kali, ukimetameta kama sukari ya mawe iliyovunjwa. Ule wa shimoni ulikuwa wa mviringo, umefifia, kama ulezi.

"Ule wa mtoni umesukumwa na maji," alisema. "Huu mwingine umesukumwa na upepo. Punje moja haiwi mviringo hivi kwa mwaka wala kwa karne. Hapa tuliposimama palikuwa na jangwa."

Nikainua macho. Majani yalitufika kifuani, na mbali kidogo twiga walikuwa wanatembea. Tangu siku ile sikuiona nchi yetu kama nilivyokuwa nikiiona. Nilikuwa nimefundishwa na wazee kwamba nchi ilianza na mababu zetu walipoifikia na kuifyeka. Sasa nilikuwa nimeshika mkononi kitu ambacho hata mababu hawakukijua. Ilikuwa raha ambayo sijaipata tena, nami sitaki kuisingizia ubaya. Kujua si kosa.

Swali lake kubwa lilikuwa juu ya mlima. Mbuga zilipokuwa jangwa, je, msitu wa juu ulibaki, ukinyweshwa na ukungu, au nao uliungua? Kulijibu, alihitaji mahali ambapo tope limetulia mwaka juu ya mwaka bila kuvurugwa, kwa sababu tope hutunza majani, mbegu na vumbi la kila zama, la kale chini na la jana juu. Akaniuliza kama ninalijua bwawa lolote mlimani lisilokauka.

Hakuna aliyenilazimisha. Ningesema silijui, na neno langu lingekubaliwa. Nikasema, "Lipo kwetu."

Mjomba nilimkuta uani anapura maharage. Nikamwamkia, "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nimeona moshi wa kambi yenu. Umeleta wageni wengi kuliko chakula, mpwa wangu."

"Hawatakula cha kwako, mjomba. Bwana yule anataka tope la bwawani, basi."

"Tope?" Aliacha kupura. "Kwao hakuna?"

"La kwao halina habari za hapa."

"Basi mwambie mama yako amchotee kwa mkono, amjazie."

"Anataka la chini kabisa, mjomba. Litatolewa kwa keekee. Kwa chuma."

Akanyamaza. Ninapaswa kueleza kunyamaza kule. Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha karibuni, na watu walikuwa wamenyongwa kwa sababu ya maji ya dawa. Mwangalizi wa bwawa lenye miiko, akimkatalia Mjerumani maji, angeonekana nani? Mjomba hakuwa mganga wala mpiganaji, lakini alijua hakuna ambaye angeuliza mara mbili.

"Ndiyo siwezi kusema," alisema mwishowe. "Unajua kwa nini. Na hapana siwezi kusema, unajua pia. Umenileta mahali ambapo sina mdomo." Akaendelea kupura maharage.

Alinipa pale nafasi ya kumtoa kwenye mtego ule. Ningerudi kambini nikamwambia yule bwana bwawa limekauka, au njia imebomoka. Badala yake, nikiwa nashuka kilima, nilikumbuka utani.

Kila ukoo wa Uluguru una watani wake. Watani wetu walikaa ng'ambo ya bonde. Mtani akiingia kwako anaweza kuchukua jogoo, akanywa pombe iliyotengwa kwa mgeni, akamwita mama yako mchawi mbele ya watu, nawe wajibu wako ni kucheka na kumrudishia maneno. Huna haki ya kukasirika. Kosa ambalo mwanaukoo angelilipia mbuzi na kutakaswa, likifanywa na mtani si kosa, ni mzaha. Hata bwawani ilikuwa hivyo. Siku moja ya kung'oa magugu mtani wetu mmoja alikaa ukingoni akaosha miguu yake ndani ya maji, akisema anatia chumvi. Mjomba alimrushia tope la uso, watu wakacheka mpaka wakalia, na maji hayakutakaswa.

Mtani huyohuyo ndiye aliyekuwa mnyapara wa wapagazi wa yule mtaalamu. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Nilimkuta anafunga mizigo.

"Mtani," nilimwambia, "kuna kazi bwawani kwetu. Anatakiwa mtu mwenye mikono michafu tangu kuzaliwa."

"Mbona wajomba zako wako hapo juu? Umekuja huku kutafuta nini?"

"Wale wanaijua aibu. Nimetumwa kwa wasioijua."

"Sema unachotaka, mtoto wa viatu. Miguu yako inanuka ngozi ya ng'ombe."

Nikamweleza. Keekee ya mzungu, chuma kirefu cha kuunganisha, mpaka chini ya tope. Mwanaukoo hawezi, lakini mtani akifanya hakuna mwiko uliovunjwa. Alicheka mpaka akakaa juu ya mzigo.

"Nimtoboe mtani wangu tumbo, halafu mtani wangu acheke? Hiyo naifanya hata bila mshahara."

Asubuhi wapagazi walifunga mashina ya migomba yakawa kama jahazi bovu, na mtani akasukumwa nalo mpaka katikati, amesimama na chuma mkononi. Ukoo wote ulikuja kutazama. Mjomba alisimama mahali pake pa kila mwaka.

"Mtani," aliita yule mtu kutoka majini, "leo nampasua bibi yako nione alikula nini."

Watu walimgeukia mjomba. Alichelewa kidogo kujibu.

"Pasua, mwizi wewe. Utakuta ugali alioiba babu yako."

Vicheko vikazagaa. Mjomba naye alicheka, kwa mdomo. Niliona kwamba macho yake hayakucheka, nikageuka kumtazama yule mtaalamu.

Chuma kilileta kwanza tope jeusi lenye majani yaliyooza, mengine yakiwa bado na mishipa yake. Yule bwana aliyapokea kama mkunga anavyopokea mtoto, akayatia kwenye mirija ya bati. Kisha ukaja udongo wa mfinyanzi, wa kijivu, mgumu, unaonata kama ugali wa muhogo. Huo ulikuwa mnene, na mtani alitokwa na jasho akiutukana ukoo wetu wote hadi kwa marehemu. Ghafla chuma kikawa chepesi mikononi mwake, akayumba nusura aanguke. Alipokivuta, ncha yake ilikuwa na mchanga.

Ulikuwa mwekundu, na katikati ya donge ulikuwa mkavu. Chini ya maji yale yote, chini ya tope na mfinyanzi, mchanga ulikuwa mkavu kama unga. Niliuweka chini ya kioo. Punje zilikuwa za mviringo, zimefifia. Upepo wa jangwa la Mkata ulikuwa umepanda mpaka pale, ukaurundika mchanga wake kwenye ubavu wa mlima, na baadaye, mvua ziliporudi, matope laini yakaufunika na maji yakakaa juu. Bwawa letu lilikuwa limelalia jangwa.

Nilikimbia nalo donge lile kwa mjomba, nikiwa na furaha ya mtoto. "Tazama, mjomba. Huu ulikuwapo kabla ya watu."

Aliufikicha kwa vidole. "Mkavu," alisema. Kisha akasema, "Urudishe ulikoutoa."

Nilicheka. Nilidhani hakuelewa.

Yule Mjerumani ninataka nimtendee haki. Kabla ya kufunga mirija yake aliniita akanionyesha donge la mfinyanzi. "Huu ndio sufuria ya bwawa lenu," alisema. "Kandeni mwingine kama huu, mzibe tundu kabla hatujaondoka, tena mshindilie vizuri. Ulisimamie wewe." Nikasema ndiyo, bwana. Alikuwa na haki ya kuniamini, na akaniamini.

Kuingia mwenyewe mpaka katikati kuligusa tundu la chuma sikuthubutu, mimi mrithi, mbele ya ukoo. Mtani ndiye aliyetoboa, nikaona mtani ndiye azibe. Alikuwa ukingoni anakamua nguo. Nikamwita, na watu wakiwa wanasikiliza, kwa sauti ileile niliyoizoea kwake:

"Mtani, ziba ulichotoboa. Au kwenu hamjui kufunga mlango?"

"Nifunge ili iweje? Acha upepo uingie, mnanuka humo ndani."

Watu wakacheka. Nikacheka na mimi. Nilikichukua kicheko kuwa ni kukubali. Yeye alilichukua neno langu kuwa ni mzaha. Kati ya watani hakuna sauti ya kusemea jambo zito. Tunayo sauti moja tu, ya mzaha, na tunaitumia mpaka afe mtu. Isitoshe, kwa desturi mtani akivunja mtungi hanunui mwingine, mwenye nyumba ndiye anunuaye. Hata kama angeona tundu linahitaji kuzibwa, angetegemea sisi wenyewe tuzibe. Na sisi wenyewe tuliogopa kugusa palipopita chuma. Hayo yote niliyajua tangu nikiwa mdogo. Elimu yangu haikuyafuta. Iliniondolea tu mazoea ya kuyafikiri.

Kesho yake tukabeba mizigo tukaelekea Kilosa.

Safari ile ilikuwa ndefu na kiangazi kilikuwa kikali. Tulichimba mashimo mengi, nikatazama mchanga mwingi. Sikuliwaza bwawa hata mara moja. Yule bwana alipomaliza alipanda treni akaenda na masanduku yake, akanipa mkono, na mimi na mtani tukapanda mlima kwenda kusalimia.

Njiani tulikutana na wanawake wenye mitungi mitupu wanashuka. Mama yangu alikuwa miongoni mwao.

"Shikamoo, mama. Unakwenda wapi na mtungi?"

"Kuteka."

"Mbona huku? Huku ni bondeni."

Alinitazama kwa muda. "Kwani hukupata habari?" alisema, akaendelea kushuka, maana wenzake walikuwa wanamwacha.

Pale palipokuwa na maji palikuwa na tope lililopasuka magamba, kila gamba limejikunja pembe. Katikati tundu lilikuwa limelika, limekuwa shimo la kumeza mtu, na kando zake mchanga mwekundu ulionekana. Walituambia maji hayakwenda kwa kishindo. Yalishuka taratibu, na kwa kuwa kilikuwa kiangazi watu walidhani ni jua. Walipoona bwawa linazunguka kidogo katikati kama chungu kinachokorogwa, mfinyanzi ulikuwa umekwisha kumomonyoka.

Mtani alisimama pembeni yangu.

"Nilikuambia uzibe," nilisema.

"Uliniambia kama unavyoniambia kila siku kwamba baba yangu ni fisi," alijibu. "Ningejuaje?"

Alivua shati akaingia shimoni. Alikanda mfinyanzi kwa mikono na miguu, akashindilia, na mimi nikaingia, kwa kuwa sasa hapakuwa na maji ya kuogopa. Ukoo wote ulifanya kazi. Vuli iliponyesha, maji yalisimama, wanawake wakapiga vigelegele. Yakakaa kidogo, kisha yakaanza kushuka. Shimo tulikuwa tumeliziba, lakini mfinyanzi wote wa bwawa ulikuwa umekauka na kupasuka, na mpasuko ukishafika kwenye mchanga ule hauna kiasi cha kunywa. Masika ikawa hivyohivyo.

Mjomba hakunigombeza. Nilingoja anigombeze, ikawa kila nikipanda kwake naenda nimejiandaa kwa maneno ambayo hayakuja. Siku moja, tukiwa tumekaa ukingoni, alisema kana kwamba anafikiri kwa sauti, "Mtani hadaiwi. Mrithi wangu naye, nikimdai, najidai mwenyewe. Sasa nimdai nani?" Hakunitazama.

Watu walianza kutaka kuhama. Wengine walitamani kwenda kukaa Mlali, wengine walisikia kuna kazi kwenye mashamba ya Wajerumani na kwenye reli. Lakini kwa desturi yetu huwezi kuuacha mji wa ukoo bila neno la mwangalizi, na ukiondoka bila neno lake umeyaacha makaburi yako kama mwizi. Mjomba hakulitoa neno. Alisema maji yatarudi. Kwa hiyo walibaki, na wanawake wakapandisha maji kutoka bondeni kwenye kilima ambacho hata mbuzi hukipanda kwa kupumzika. Mama yangu alikuwa si kijana tena. Nilikuwa nikimwona anavyofika, anashusha mtungi, anakaa chini, shingo yake imekakamaa. Nilimwomba aje akae nami mjini Morogoro. Akasema ndugu yake hajamruhusu.

Mjomba alikufa kiangazi kilichofuata, baada ya kuugua kidogo. Miaka yake ya mwisho alikuwa amesilimu, kama wengi wa upande wetu, na mwalimu alipanda kutoka vijiji vya chini kuja kumwosha. Nyumbani hapakuwa na maji ila ya kunywa, tena ya chini ya mtungi. Mwalimu, ambaye alikuwa mtu mpole, alisema dini si mateso. Maji yakikosekana, maiti hutayamamishwa kwa udongo safi, na Mungu hupokea.

Mama yangu alikuwa amekaa na wanawake. Akanyanyuka.

"Ndugu yangu hataoshwa kwa mchanga," alisema.

Hakuna aliyenitazama, na hilo lilikuwa gumu kuliko kama wangenitazama. Mtani wetu akainuka bila kutumwa, akachukua mitungi mikubwa na vijana wa kwao, akateremka bondeni.

Sasa, kwetu watani ndio wenye msiba. Wao huchimba kaburi na kuleta maji, na kila hatua huizuia kwa mzaha, wakidai kuku, wakidai pombe, wakimtukana marehemu kwa uvivu na ulafi wake, mpaka wafiwa wacheke katikati ya kilio. Msiba usio na mzaha wa mtani ni msiba wa mtu asiye na watu. Basi jioni ilipokaribia, tuliposikia wanapanda, watu walijiweka sawa kungoja.

Mtani alifika, jasho linamtiririka. Akatua mtungi mlangoni taratibu, akasogea kando kuacha njia. Hakusema kitu. Tukangoja. Mwalimu akamtazama, akatutazama sisi.

"Mtani," mama alimwita, "mbona huzuii mlango? Umekuwa mgeni kwetu?"

"Sina la kudai, mama."

"Dai."

"Mama, leo niache."

"Dai, nakwambia. Ukinyamaza leo, watu watasema umemuua. Hukumuua. Dai uchukue chako, ndugu yangu aende kama watu wanavyokwenda."

Yule mtu mrefu aliweka mguu wake kwenye kizingiti. Sauti yake haikuwa ile ya kuitia watu ng'ambo.

"Haingii mtu hapa," alisema. "Mzee huyu alizoea maji ya bure mlangoni kwake. Leo ataoga ya kununua."

Mwanamke mmoja mzee akacheka, na mwingine, na kicheko kikageuka kilio, kilio cha kweli cha kwanza tangu asubuhi. Mama akamletea kuku, akamwekea miguuni. Mtani akatoa mguu. Jambo lao wawili liliishia pale. Waliendelea kutaniana mpaka mama alipokufa, na mtani ndiye aliyemchimbia kaburi. Mimi sikuwa na mahali pa kuweka mguu wala mtu wa kunidai.

Habari za matope yale sikuzipata. Vita vilikuja, Wajerumani wakaondoka, na yule bwana sijui kama alifika salama na mirija yake. Kama msitu wa juu ulibaki wakati wa jangwa au uliungua, jibu halikuturudia. Mpaka leo ningependa kulijua. Naona haya kusema hivyo, lakini ningependa.

Baada ya arobaini ya mjomba ukoo ulikutana kunirithisha. Wazee walinikalisha kwenye kigoda cha mjomba, wakanitupia nguo yake begani, wakaniita kwa jina lake. Kwetu mrithi huwa ndiye yule aliyekufa. Watoto wake huwa wanao, na dada zake huwa dada zako. Nilikuwa nimekuja na viatu, nikavivua.

Desturi ni kwamba siku ileile watu huja mbele ya mwangalizi mpya, mmoja mmoja, kuomba neno lake la kwanza: huyu anaomba kipande cha kulima, yule anaomba kujenga. Neno lile la kwanza hukumbukwa. Wa kwanza kuja alikuwa mama yangu. Alikaa chini mbele ya kigoda kama wengine, miguu amekunja upande, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, kaka," alisema.

Mama yangu mzazi. Ilinibidi niitikie, kwa sababu aliyekuwa anaamkiwa alikuwa kaka yake.

"Marahaba, dada."

"Nimechoka na kilima, kaka. Niruhusu nishuke."

Wote walikuwa wanasikiliza. Nyuma yake wengine walikuwa wameshapanga mstari, na nilijua kila mmoja amekuja na ombi hilohilo.

"Shuka," nilimwambia.